Walioondoka kwenye hesabu walikwenda wapi? Kisa cha asilimia 7.8 ya Marekani

Ijumaa ya tarehe 5 Oktoba 2012, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Washington, Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani (BLS) ilitoa ripoti ya ajira ya Septemba. Kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 8.1 hadi 7.8. Dakika chache baadaye Jack Welch, aliyeiongoza General Electric kwa miaka 20, aliandika Twitter kwamba namba hizo hazisadikiki, kwamba "hao jamaa wa Chicago" wako tayari kufanya lolote, na kwamba wameshindwa mdahalo ndiyo maana wamebadilisha takwimu.

Siku mbili kabla, jijini Denver, Rais Barack Obama, mtu wa Chicago, alikuwa ameboronga mdahalo wa kwanza dhidi ya mpinzani wake wa Republican, Mitt Romney. Uchaguzi ulibakiza mwezi mmoja. Kwa miezi 43 mfululizo kiwango hicho kilikuwa juu ya asilimia 8, na Romney alikuwa ameifanya 8 hiyo kuwa kibwagizo cha kampeni yake. Sasa, kufumba na kufumbua, namba imerudi palepale ilipokuwa Januari 2009, mwezi ambao Obama aliapishwa. Mtu aliyekuwa anatafuta njama hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Yalichanganywa maswali mawili siku ile, na huchanganywa karibu kila mahali namba hii inaposhuka. Je, takwimu zimepikwa? Na kama hazikupikwa, zinaonyesha kweli kwamba uchumi umepata nafuu? Swali la kwanza lina jibu fupi na nitalifikia. La pili ndilo lenye kazi.

Nani anahesabiwa

Wengi hudhani kiwango hiki hutokana na orodha ya watu wanaolipwa fidia ya kukosa kazi. Sivyo. Kila mwezi wadadisi wa Ofisi ya Sensa huhoji kaya zipatazo 60,000 kwa niaba ya BLS, wengine kwa simu, wengine kwa kubisha hodi. Hawamuulizi mtu kama ana ajira au hana. Wanamuuliza kama katika wiki husika, ile yenye tarehe 12 ya mwezi, alifanya kazi yoyote ya malipo. Saa moja tu inatosha, na akisema ndiyo anaandikwa kuwa ameajiriwa. Akisema hapana, swali linalofuata ni kama ametafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita, na kama angeipata angeweza kuianza. Kutafuta ni kwa vitendo: kupeleka maombi, kumpigia mwajiri, kwenda kwa wakala wa ajira. Kupitia matangazo gazetini na kuishia hapo hakuhesabiki.

Aliyetafuta anaandikwa kuwa hana ajira. Ambaye hakutafuta hahesabiwi upande wowote kati ya hizo mbili. Yuko nje ya nguvukazi, kundi moja na mstaafu wa miaka 80 na mwanafunzi wa chuo. Kwa hiyo kiwango kinaweza kushuka kwa njia mbili ambazo hazina undugu kabisa: mtu amepata kazi, au mtu ameacha kuitafuta. Kwenye asilimia ile inayosomwa kwenye taarifa ya habari, hawa wawili wanafanana.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atatabasamu kwa hiyo saa moja. Kwetu, kipimo hicho kikichukuliwa kilivyo, karibu kila mtu ana ajira, kwa sababu asiye na fidia ya kukosa kazi hana uwezo wa kukaa bure. Atabeba zege, atauza karanga, atapiga deiwaka. Ndiyo maana Tanzania ilikuwa na tafsiri yake ya kitaifa, pana kuliko ya kimataifa, na kwa tafsiri hiyo Utafiti wa Nguvukazi wa 2014 ulitoa asilimia 10.3, kutoka 11.7 ya 2006. Rwanda nayo ilipoanza kufuata azimio la kimataifa la 2013 kuhusu takwimu za kazi, ambalo halimwiti mwajiriwa mkulima anayelima chakula cha nyumbani kwake, kiwango chake kiliruka juu sana bila mtu hata mmoja kufukuzwa kazi. Tafsiri ikibadilika, kulinganisha miaka ni kazi bure. Marekani haikugusa tafsiri yake mwaka 2012, kwa hiyo angalau hilo halitusumbui hapa.

Septemba ilivyokuwa

Tufungue jedwali lenyewe. Agosti waliokuwa na kazi walikuwa milioni 142.1. Septemba walikaribia milioni 143, ongezeko la watu 873,000. Wasio na ajira walipungua kwa 456,000 na kubaki milioni 12.1. Nguvukazi nzima, yaani wenye kazi pamoja na wanaoitafuta, iliongezeka kwa 418,000.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kukodolea macho. Kushuka kwa Septemba kungekuwa kumetokana na watu kukata tamaa, nguvukazi ingepungua. Iliongezeka, na kiwango cha ushiriki, yaani sehemu ya watu wa miaka 16 na kuendelea walio ndani ya nguvukazi, kikapanda kidogo, kutoka asilimia 63.5 hadi 63.6. Kwa maneno mengine, mwezi huo watu waliingia, na waliopata kazi walikuwa wengi kuliko walioingia.

Tatizo ni kwamba 873,000 ni wengi mno kwa uchumi uliokuwa unajikongoja. Ripoti ileile ilikuwa na utafiti wa pili, unaokusanya orodha za mishahara kutoka kwa waajiri na taasisi za umma zipatazo 141,000, nao ulisema ajira zimeongezeka kwa 114,000 tu. Siku ile ile, ofisi ileile, namba mbili zilizoachana kwa zaidi ya mara saba. Welch hakuwa mwehu kushtuka. Alikosea alipodhani kushtuka kwake ni ushahidi.

Utafiti wa kaya una sampuli ndogo ukilinganisha na ule wa waajiri, na ongezeko lake la mwezi mmoja linaweza kuwa juu au chini ya ukweli kwa watu wapatao 400,000. Ni mtikisiko wa kawaida ambao watakwimu wa Marekani wanauandika wazi kila mwezi, na ambao hakuna anayeusoma. Njia ya kuutuliza ni kurudi nyuma miezi kadhaa. Julai utafiti huo ulionyesha ajira zimepungua kwa 195,000. Agosti zikapungua tena, kwa 119,000. Septemba zikapanda kwa 873,000. Jumlisha miezi mitatu upate 559,000, ambayo ni wastani wa 186,000 hivi kwa mwezi. Utafiti wa waajiri, baada ya marekebisho yaliyotoka Ijumaa ileile, ulikuwa na 181,000 kwa Julai, 142,000 kwa Agosti na 114,000 kwa Septemba, wastani wa karibu 146,000. Pengo lililoonekana la ajabu limesinyaa. Kilichobaki ni uchumi unaoongeza ajira taratibu, kila mwezi, bila mbwembwe.

Wakosoaji hawakulia njama Julai na Agosti, wakati utafiti huohuo wa kaya ulipotoa namba mbaya kupita kiasi.

Mwezi wa kutiliwa shaka ulikuwa Agosti

Kelele zilipigwa mwezi usiostahili. Agosti ndiyo iliyokuwa na kasoro, na kiwango kilishuka pia, kutoka 8.3 hadi 8.1. Namba zake ukiziweka kando ya zile za Septemba, tofauti inaonekana bila kuvaa miwani: wenye kazi walipungua kwa 119,000, wasio na ajira walipungua kwa 250,000, na nguvukazi ikapungua kwa 368,000. Wote wamepungua. Kiwango kilishuka kwa sababu ya watu kutoka mlangoni, na hakuna kazi iliyoongezeka kwenye utafiti huo. Ushiriki wa asilimia 63.5 ulikuwa wa chini kuliko wakati wowote tangu 1981.

Romney aliliona hilo na alilisema vizuri wakati huo: kwa kila ajira moja iliyoongezeka, karibu Wamarekani wanne waliacha kutafuta. Hesabu aliipata kwa kugawa 368,000 kwa 96,000, idadi ya ajira zilizotangazwa kwanza na utafiti wa waajiri. Mimi naitilia doa kauli hiyo mahali pawili. Walioondoka kwenye nguvukazi hawakuwa wote wamekata tamaa. Agosti vijana hurudi shuleni, na japo takwimu husawazishwa kwa kuzingatia msimu, usawazishaji huo hautoshi kila mwaka. Halafu ile 96,000 haikudumu. Fomu za waajiri waliochelewa zilipofika, ilipanda hadi 142,000 mwezi Oktoba na hadi 192,000 mwezi Novemba, mara mbili ya ile iliyopigiwa kampeni. Hata hivyo kwa swali lililo mbele yetu, kama kushuka kwa kiwango kuna maana ya nafuu, Romney wa Septemba alikuwa na hoja yenye mizizi kuliko Welch wa Oktoba.

Siku ripoti ya 7.8 ilipotoka, akiwa Virginia, Romney aliongeza hoja nyingine: kama ushiriki ungebaki ulivyokuwa Obama alipoingia Ikulu, kiwango kingekuwa karibu asilimia 11. Wengi waliipuuza kama porojo za jukwaani. Tuipige hesabu. Raia wenye miaka 16 na kuendelea, nje ya jeshi na magereza, walikuwa milioni 243.8. Ushiriki wa Januari 2009 ulikuwa asilimia 65.7. Asilimia 65.7 ya hao ni milioni 160.2. Toa waliokuwa na kazi, milioni 143, unabaki na milioni 17.2, sawa na asilimia 10.7 ya nguvukazi hiyo ya kufikirika. Hakudanganya kwenye hesabu.

Alichokificha, au hakukijali, ni umri. Wamarekani waliozaliwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kati ya 1946 na 1964, walianza kufikisha miaka 65 mwaka 2011. Hawa wakistaafu ushiriki unashuka hata uchumi ukiwa na neema. Mwaka 2014 Baraza la Washauri wa Uchumi wa Rais lilichambua kushuka kwa ushiriki tangu mwisho wa 2007 na kukadiria kuwa karibu nusu kulitokana na watu kuzeeka, kama moja ya sita na mdororo wa kawaida, na theluthi iliyobaki na mambo mengine. Ni baraza la Rais huyohuyo, kwa hiyo msomaji ana haki ya kukunja uso, ila wazee wa taifa ni rahisi kuwahesabu. Ukichukua nusu hiyo na kurudia hesabu ya Romney, unarudisha kwenye nguvukazi nusu tu ya waliopungua, na kiwango kinatoka asilimia 9.3 hivi.

Kwa hiyo 7.8 ilikuwa sahihi kwa kile inachopima, 11 ilikuwa imetiwa chumvi, na hali halisi ya mtafuta kazi ilikuwa mahali fulani juu ya 9. Sidhani kama kuna upande wowote wa kampeni ungeweza kuchapisha fulana yenye namba hiyo.

Kazi za namna gani

Tuseme sasa mtu amepata kazi kweli. Kazi gani? Jedwali la Septemba lilikuwa na mstari mwingine uliopewa nafasi ndogo kwenye habari: watu wanaofanya kazi za saa chache kwa sababu wamekosa za kutwa, au wamepunguziwa saa, waliongezeka kutoka milioni 8.0 hadi milioni 8.6. Hawa kwenye kiwango rasmi wana ajira sawasawa na mhandisi mwenye mkataba wa kudumu. Ndiyo maana kipimo kipana zaidi cha BLS, kinachojumlisha wakosa ajira, wanaobangaiza kwa saa chache bila kupenda, na wanaotaka kazi lakini hawakuitafuta karibuni, hakikutikisika hata kidogo. Kilikuwa asilimia 14.7 Agosti, kikabaki 14.7 Septemba.

Wapo waliochukua ongezeko hilo la 582,000, wakaligawa kwa 873,000, wakatangaza kuwa theluthi mbili ya kazi mpya zilikuwa za nusu kutwa. Hesabu inapendeza ila haisimami. Sehemu ya hao 582,000 walikuwa tayari kazini mwezi uliotangulia. Mwajiri alichofanya ni kuwapunguzia saa. Huwezi kuwahesabu kama kazi mpya. Kinachoweza kusemwa bila kupepesa ni kwamba mwezi ambao namba kuu ilishangiliwa, msongo wa wale waliojishikiza uliongezeka. Na kati ya wasio na ajira, watu milioni 4.8, yaani wanne katika kila kumi, walikuwa wamekaa miezi sita au zaidi bila kazi.

Zilipikwa?

Hapana. Mkuu wa BLS ndiye mteule pekee wa kisiasa katika ofisi nzima, na Oktoba 2012 kiti hicho hakikuwa na mteule. Kilikaimiwa na John Galvin, mtumishi wa siku nyingi. Keith Hall, aliyeteuliwa na George W. Bush na kumaliza muda wake mapema mwaka huohuo, alijitokeza kusema kwamba uchakachuaji wa namna hiyo hauwezekani. Ikulu hupewa ripoti jioni ya kuamkia siku ya kutangazwa, ikiwa imeshafungwa.

Mwaka 2013 tuhuma zilirudi kwa sura nyingine: gazeti la New York Post liliripoti kuwa katika ofisi ya Sensa ya Philadelphia kulikuwa na mahojiano ya kubuni, na likaunganisha jambo hilo na kushuka kwa Septemba 2012. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Biashara alichunguza, na Mei 2014 akasema hakupata ushahidi kwamba ofisi hiyo ilichezea kiwango cha ukosefu wa ajira. Kilichonivutia kwenye ripoti yake ni makadirio moja. Ili kukisogeza kiwango cha taifa kiasi hicho, wangehitajika wadadisi wasiopungua 78 kupanga pamoja na kumwandika kila mkosa ajira waliyemhoji kuwa ameajiriwa au yuko nje ya nguvukazi, bila mfumo wa ukaguzi kuwagundua. Siri ya watu 78 katika mwaka wa uchaguzi.

Welch mwenyewe aliandika baadaye kwamba angepata nafasi ya kuandika tena ujumbe ule angeongeza alama za kuuliza. Tuhuma zenyewe zimebaki na uhai, na huhama upande kulingana na nani yuko Ikulu. Mwaka 1971 Richard Nixon alikasirishwa na ofisa wa BLS, Harold Goldstein, kwa kosa la kueleza kuwa kushuka kwa kiwango mwezi Juni kulitokana kwa sehemu na usawazishaji wa msimu. Nixon akaagiza wahesabiwe Wayahudi walioko kwenye ofisi hiyo, na Goldstein akahamishwa majukumu. Machi 2017 msemaji wa Donald Trump, Sean Spicer, alipoulizwa kuhusu takwimu ambazo bosi wake alikuwa akiziita feki, alimnukuu Trump kwamba huenda zamani zilikuwa za uongo ila sasa ni za kweli kabisa, na waandishi wakacheka. Agosti 2025 Trump alimfukuza mkuu wa BLS, Erika McEntarfer, saa chache baada ya ripoti iliyopunguza ajira za Mei na Juni kwa 258,000. Yalikuwa marekebisho ya aina ileile iliyoipandisha Agosti 2012 kutoka 96,000 hadi 192,000, safari hii yakielekea chini.

Kilichofuata

Oktoba 2012 kiwango kilikuwa 7.9. Obama akashinda. Kisha kikaendelea kushuka: 6.7 Desemba 2013, 5.0 mwisho wa 2015. Anayeamini kuwa 7.8 ilipikwa inabidi aeleze kwa nini chungu hakikuepuliwa baada ya uchaguzi.

Anayeamini kuwa 7.8 ilimaanisha nafuu kamili naye ana deni, kwa sababu ushiriki uliendelea kuporomoka hadi asilimia 62.4 Septemba 2015, wa chini kuliko wote tangu 1977. Kipimo ninachokiamini zaidi kwa kisa hiki ni kimoja kinachokwepa mabishano ya wastaafu na wanafunzi kwa pamoja: kati ya watu wa miaka 25 hadi 54, wangapi wana kazi? Kabla ya mgogoro wa 2008 walikuwa karibu 80 katika kila 100. Walianguka hadi 75 hivi. Septemba 2012 walikuwa karibu 76. Kwa kiwango rasmi, kutoka kilele cha asilimia 10 mwaka 2009 hadi 7.8, Marekani ilikuwa imekaribia nusu ya njia ya kurudi kwenye asilimia 5. Kwa kipimo hiki kingine ilikuwa imetembea moja ya tano tu. Zile 80 zilipatikana tena mwaka 2019.

Benki Kuu ya Marekani iliujua mwanya huo kwa njia ngumu. Desemba 2012, chini ya Ben Bernanke, iliahidi kutopandisha riba angalau hadi kiwango kishuke chini ya asilimia 6.5. Kiwango kikashuka haraka kuliko afya ya soko la ajira, na Machi 2014, chini ya Janet Yellen, benki hiyo ikaifuta 6.5 kwenye maneno yake, ikasema itaangalia viashiria vingi. Mwezi uliofuata kiwango kilikuwa 6.3. Riba haikupandishwa hadi Desemba 2015.